Muulize Mjomba: Liechtenstein, nchi ambayo kila mtu anamjua mwenzie

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba Liechtenstein habari ziko huru, ila wananchi wake walipiga kura kuiondolea redio yao ya taifa sheria iliyokuwa inaibeba na sasa redio yenyewe haipo, nikadhani nimepita zangu, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja, zingine za heshima, zingine zinaniita muongo kabisa. Nimechagua chache nizijibu, zilizobaki zinauliza yaleyale.

Kwa aliyechelewa: tunaongelea nchi ya kilomita za mraba 160, watu kama elfu 40 hivi, imebanwa kati ya Uswisi na Austria, upande mmoja mto Rhine upande mwingine milima. Mji mkuu ni Vaduz. Lugha Kijerumani, hela faranga ya Uswisi, jeshi hawana tangu 1868.

*Shikamoo mjomba. Mimi nakataa. Nchi inatawaliwa na mtu wa ukoo mmoja mwenye nguvu kuliko wafalme wengine wote wa Ulaya ya leo, halafu unatuambia habari ziko huru? Si waseme tu watu wanaogopa. — Mbishi wa siku zote*

Marahaba mbishi wangu. Nusu uko sawa, nusu umeteleza.

Kwanza yule sio mfalme. Cheo chake kwa Kijerumani ni Fürst, sisi tunasema mwanamfalme kwa kukosa neno, ingawa baba yake hakuwa mfalme wa popote. Anaitwa Hans-Adam II, yuko kwenye kiti tangu 1989, na tangu 2004 kazi za kila siku kamwachia mtoto wake Alois. Nguvu anazo kweli, anaweza kukataa sheria isipite, anaweza kuvunja bunge, na serikali ikikosa imani yake inaondoka. Mwaka 2003 aliomba katiba ibadilishwe apate uwezo zaidi akasema wazi kabisa mkikataa mimi na familia yangu tunahamia Vienna, watu wakapiga kura, asilimia 64 wakamkubalia. Mwaka 2012 wengine wakaleta hoja ya kupunguza ile turufu yake ya kukataa matokeo ya kura za wananchi, asilimia 76 wakasema hapana, mwacheni nayo. Kwa hiyo hizo nguvu unazozisema kapewa kwenye sanduku la kura, tena mara mbili.

Pale unapokuwa sawa ni hapa. Mwaka 2011 kulikuwa na kura ya kulegeza sheria ya utoaji mimba, ilipangwa Septemba. Agosti, kabla hata watu hawajapiga, Alois akatangaza kwamba hata ikipita hatoisaini. Sasa jiulize mjadala unakuwaje hapo, unamshawishi nani wakati mwenye kalamu kashasema wino umeisha? Hoja ilianguka kwa tofauti ndogo, kama asilimia 52 waliikataa. Mimi siwezi kukwambia ingepita kama angenyamaza, ila neno la mtu mmoja limewahi kuingia kwenye mazungumzo ya watu wote kabla hayajakomaa, na hilo silitetei.

Ila woga wa polisi kuja usiku? Hamna. Kinachowabana watu mdomo kule ni kitu cha kawaida kuliko ikulu, ni udogo wenyewe. Hebu fikiria we ni mwandishi wa habari Vaduz, unataka kuandika kwamba waziri fulani kaharibu, sasa waziri huyo mlikaa naye darasa moja, mke wake ndo anamfundisha mtoto wako, shemeji yake ni meneja wa benki inayoweka matangazo kwenye gazeti lako, na Jumapili mtakutana kanisani maana wengi ni Wakatoliki na makanisa hayajai mji. Utaandika, ndio, lakini utaandika kwa kuuma maneno. Na yule mtumishi wa serikali anayetaka kukuvujishia siri hawezi kujificha, kwa sababu ofisi yenyewe ina watu wanne, ikitoka siri wanahesabiwa kwa vidole. Udhibiti wa namna hiyo hauna sheria unayoweza kwenda kuipinga mahakamani.

*Mjomba, mimi nilikuwa nafanya kazi redioni zamani kwa hiyo hili limeniuma. Watu wenye hela vile wanashindwaje kuweka redio moja? Eleza taratibu. — Sikio la kale*

Hili swali ndo lenyewe, kaa vizuri.

Kwanza rudi nyuma kwenye magazeti maana redio ilizaliwa kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa na ugomvi. Gazeti la kwanza kubwa lilikuwa Liechtensteiner Volksblatt, lilianza 1878, baadaye likawa upande wa chama cha FBP ambacho watu wanakiita weusi kwa rangi ya chama. Mwaka 1936 likatokea Liechtensteiner Vaterland la upande wa chama cha VU, wekundu. Kwa miaka mingi familia ilijulikana ni ya weusi au ya wekundu kwa gazeti lililoko mezani. Sasa utasema safi, magazeti mawili, vyama viwili, ubishi upo. Ngoja. Kuanzia 1938 mpaka 1997 vyama hivyo viwili vilikuwa vinatawala pamoja kwenye serikali moja, karibu miaka 60! Kwa hiyo gazeti la huku lilikuwa la serikali na gazeti la kule nalo la serikali, walikuwa wanarushiana vijembe kama mke na mume mbele ya wageni, wanachomana kidogo kisha wanarudi nyumbani kulala kitanda kimoja.

Redio ikaja 1995, ya binafsi, ikiitwa Radio L. Haikujitosheleza kwa hela, ndo ikabidi kuanzia 2004 iwe chombo cha umma, inapewa ruzuku na bunge. Na hapa ndo uchumi wa nchi unapoingia maana watu hushangaa, ati nchi tajiri redio inakosaje matangazo. Angalia utajiri wenyewe unatoka wapi. Kampuni kubwa kuliko zote ni Hilti, iko Schaan tangu 1941, inatengeneza mashine za kutobolea zege na vifaa vya ujenzi, wateja wake wako kwenye majengo dunia nzima. Ivoclar nayo iko Schaan, inauza vifaa vya madaktari wa meno, na wateja wake wako mbali hivyohivyo. Benki zinahudumia watu wanaokaa mbali na Vaduz. Sasa kampuni ya namna hiyo itangaze kwenye redio ya watu elfu 40 ili imuuzie nani? Pesa ipo imejaa, lakini haina sababu ya kupita kwenye studio ya pale.

Halafu wafanyakazi. Ajira za ile nchi ni nyingi kuliko watu wake, zaidi ya nusu ya wanaofanya kazi pale wanaingia asubuhi kutoka Uswisi na Austria, jioni wanarudi kwao. Hao kwenye gari wanasikiliza redio za kwao. Na hata wenyeji televisheni wanaangalia za Uswisi, Austria na Ujerumani, lugha ni ileile, kwa nini usiangalie? Mwenye duka dogo Vaduz ndo anabaki mteja wa matangazo, pamoja na serikali yenyewe.

Basi mwaka 2023 mwezi wa tatu Volksblatt likafa, baada ya miaka karibu 145. Likabaki Vaterland peke yake kama gazeti la kila siku. Ungetegemea watu wastuke waishike redio kwa mikono miwili, si ndio? Oktoba 2024 chama cha DpL kikapeleka hoja kwa wananchi, sheria ya redio ya umma ifutwe, redio iwe imeanza kujitegemea kufikia mwisho wa 2025. Serikali na vyama vikubwa walikuwa wanataka iendelee. Wapiga kura asilimia 55 hivi wakasema ifutwe. Akatafutwa mnunuzi, hakupatikana wa kueleweka, na mwanzoni mwa Aprili 2025 redio ikazima, kabla hata ya muda uliowekwa.

Wengi mmeandika mkidhani ikulu ndo ilifunga, au kuna tajiri aliinunua ainyamazishe. Hapana jamani. Walikaa wakaangalia mamilioni ya faranga kila mwaka, wakaangalia na wao wenyewe wanasikiliza nini, wakaona haina haja. Mimi naona walikosea, maana mafuriko ya Rhine yakija au kukitokea kashfa bungeni, redio ya Zurich itasema sentensi mbili ihamie kwenye habari zingine. Ila kura ilikuwa yao. Na Februari 2025 hao DpL wakaingia uchaguzini wakapata viti 6 kati ya 25, kwa hiyo hakuna aliyewaadhibu.

*Salaam. Mimi ni mhasibu, mambo ya vyama hayanihusu. Niambie hela za siri za benki na hiyo tabia ya kutosema vina undugu au ni maneno ya watu? — Daftari*

Wana undugu, tena wa damu, Daftari.

Benki kubwa, LGT, ni mali ya ukoo wa mtawala. Yaani mkuu wa nchi na mwenye benki ni nyumba moja. Kwa miongo mingi biashara ya pale ilijengwa juu ya ukimya, mteja wa nje analeta hela anawekewa mfuko wa kisheria, jina lake halionekani, na kazi ya mwanasheria wa Vaduz ni kufunga mdomo. Sasa nchi ambayo moja ya kazi zake kuu ni kutunza siri za watu, unadhani mazungumzo ya hadharani yatakuwa na kelele? Usiri uliacha kuwa sheria ya benki tu, ukawa adabu. Hapo natoa maoni yangu, usije ukanukuu kama takwimu.

Mwaka 2000 wakawekwa kwenye orodha ya aibu ya nchi zinazolegalega kuzuia utakatishaji wa fedha, wakatoka mwaka uliofuata. Wakajifunza kwamba jina baya linaweza kuwafilisi, wakaanza kujitangaza kama bidhaa, 2004 wakazindua nembo ya nchi yenye rangi ya biringanya. Nembo ikapendeza. Haikusaidia kitu, maana Februari 2008 ikapasuka, mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya LGT alikuwa ameondoka na data za wateja, idara ya ujasusi ya Ujerumani ikazinunua kwa mamilioni ya euro, na mkuu wa posta ya Ujerumani, Klaus Zumwinkel, akapekuliwa nyumbani kamera zikiwa nje. Akaachia ngazi ndani ya siku chache.

Angalia walivyojibu kwanza, ndo utawaelewa. Sauti ya mwanzo ilikuwa ya hasira, wakilaumu wizi wa data na serikali ya nchi kubwa kununua mali ya wizi, kuhusu kodi zenyewe maneno yakawa machache. Lakini nchi ya watu elfu 40 haiwezi kununiana na Ujerumani muda mrefu. Machi 2009 wakatoa tamko kwamba watafuata viwango vya kimataifa vya kubadilishana taarifa za kodi. Tangu hapo lugha yao ya nje imegeuka, sasa wanajinadi kwa uwazi na uthabiti na teknolojia, kuanzia Januari 2020 wana sheria maalumu ya mambo ya blokucheni, ile teknolojia inayobeba sarafu za kidijitali. Walewale waliokuwa wanauza ukimya sasa wanauza uwazi, na wanauza vizuri tu!

*Mjomba habari za siku nyingi. Kama kupiga kelele ni vigumu hivyo, mtu mnyonge pale anasikika vipi? Naomba mfano wa kweli, sio nadharia. — Dada wa maktaba*

Nzuri dada yangu. Mfano ninao, tena utaupenda na utaukasirikia.

Wanawake wa Liechtenstein walipata haki ya kupiga kura ya taifa mwaka 1984. Hujasoma vibaya. Wanaume waliulizwa 1971 wakakataa, wakaulizwa tena 1973 wakakataa. Sasa tatizo la kampeni kule lilikuwa hili, unayempinga ni baba yako, mume wako, bosi wako na padri wako, wote mnaonana kila siku, kwa hiyo kila neno kali linarudi nyumbani kabla yako. Wakaunda kikundi wakakipa jina la yule binti wa hadithi aliyelala usingizi miaka mia, jina la utani lakini lina sindano. Na 1983 baadhi yao wakafanya jambo ambalo wengi nyumbani walilichukia, wakaenda mpaka Strasbourg kwenye Baraza la Ulaya kueleza kwamba nchi yao haiwaruhusu kupiga kura. Walilaumiwa kwamba wanaianika nchi.

Mwaka uliofuata ikapigwa kura ya tatu, wanaume peke yao tena, ndio 2,370, hapana 2,251. Tofauti kura 119. Watu 119 ni harusi moja tu dada! Mimi huwa nawaza, katika hao 119 wangapi walibadilishwa na hotuba na wangapi walibadilishwa na mke aliyenuna wiki nzima.

Ila usisahau kundi lingine, wageni. Kama theluthi ya wakazi sio raia. Njia moja ya kupata uraia baada ya kukaa miaka 10 ni wananchi wa kata yako kukupigia kura, majirani haohao, na kata zenyewe ziko 11 tu nchi nzima. Sasa mtu anayesubiri majirani wampigie kura, we unadhani ataandika barua gazetini kulalamika barabara mbovu? Atasema barabara nzuri sana.

*Mjomba unaponda tu. Hakuna hata zuri moja? Mimi mwanafunzi wa mawasiliano na nina insha ya kuandika, usiniharibie. — Wa mwaka wa pili*

Haya mwanangu, mazuri yapo, andika haya.

Sahihi 1,000 zinatosha kulazimisha kura ya nchi nzima juu ya sheria, 1,500 kama ni katiba. Wapiga kura ni kama elfu 20 tu, kwa hiyo kikundi cha watu wenye uchungu na miguu ya kutembea wanaweza kuisimamisha serikali. Na hizo kura zinapigwa kweli kweli, juu ya hospitali, reli, redio. Matokeo yake waziri hawezi kujificha kwenye makaratasi, anaenda ukumbini anaeleza mradi kwa mdomo wake mbele ya watu wanaomwita jina la kwanza, akikosea hesabu kuna mhandisi wa Hilti amekaa safu ya tatu atamsahihisha. Mbunge yuko kwenye kitabu cha simu. Nchi kubwa hulipa makampuni ili zijue wananchi wanasema nini, huyu akienda kukata nywele anaambiwa bure.

Halafu kuna tarehe 15 Agosti, sikukuu ya taifa. Ngome ya Vaduz iko juu mlimani, familia inaishi mle na watalii hawaingii, lakini siku hiyo kuna hotuba kwenye uwanja karibu na ngome, halafu wananchi wanakaribishwa bustanini, wanakunywa bia, wanaongea na familia ya mtawala wamesimama nyasini kama wageni wa arusi. Usiku fataki. Mtu anaweza kumwambia mkuu wa nchi kwamba hotuba ilikuwa ndefu. Kumbuka lakini, hii sio desturi ya kale kama watu wanavyodhani, ukoo ulinunua ardhi hizo 1699 na 1712, nchi ikatangazwa 1719, na watawala wakaendelea kukaa Vienna na kwingineko mpaka 1938 Franz Josef II alipohamia Vaduz. Zaidi ya miaka 200 mtawala alikuwa jina kwenye barua. Huo ukaribu una umri wa bibi mmoja tu.

Insha yako ukiweka hilo la 1938 mwalimu atakupa maksi, mimi nakwambia.

*Maswali mafupi mafupi mjomba, nijibu hata kwa neno moja: simu zao za wapi, posta ya wapi, na kile kiherufi cha mwisho kwenye tovuti zao? — Mdadisi*

Simu walikuwa ndani ya mtandao wa Uswisi kwa namba 075, walipata namba yao ya nchi, 423, mwaka 1999. Stempu zao za kwanza ni za 1912 wakati posta inaendeshwa na Austria, baadaye wakahamia kwa Waswisi, na hizo stempu kwa miaka mingi zilikuwa chanzo cha hela cha maana, watu walizinunua kuweka kwenye albamu bila kutuma barua yoyote. Tovuti zao zinaishia na .li, na anayesimamia ni taasisi ya Uswisi, ileile inayosimamia za Uswisi.

*Ni kweli walivamiwa na Uswisi au ni utani wa mtandaoni? — Bado mdadisi*

Kweli kabisa. Machi 2007, askari wa Uswisi kama 170 walikuwa mazoezini usiku, mvua, giza, wakapotea njia wakaingia Liechtenstein kama kilomita mbili na bunduki zao, kisha wakagundua wakageuka. Upande wa pili hakuna aliyewaona. Uswisi ndo ikabidi ipige simu yenyewe kujishtaki, na Vaduz wakajibu kwamba mambo kama hayo hutokea.